Kuchoma masizi ya DPF kwenye vani: barabarani, kwa swichi, kwa kompyuta, au kufungua na kuosha?

Sheria ya usalama barabarani ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazuia kuingiza nchini gari lililopitisha miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa anayetafuta vani ya dizeli matokeo yake ni haya: HiAce, Caravan, Sprinter au Transit utakayoikuta bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa) leo, karibu zote zimetoka kiwandani na kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Toyota ilianza kukiweka kwenye HiAce za dizeli za soko la Japani mwaka 2010 na ikakiita DPR. Isuzu hukiita DPD. Magari ya Ulaya hukiita DPF, na jina hilo ndilo mafundi wengi wanalolitumia kwa vyote. Taa yake ikiwaka kwenye dashibodi swali ni lile lile: niendeshe gari lijisafishe, nibonyeze swichi, nimwendee fundi mwenye kompyuta, au kifunguliwe kioshwe?

Wengi huchagua kwa bei, wakaishia kulipa mara mbili. Njia hizi hazifanyi kazi moja. Kabla ya kulinganisha bei, jua kwanza kilichojaa ndani ya kichujio chako ni kitu gani.

Masizi na majivu

Ndani ya lile kopo la chuma kuna pande la seramiki lenye vijitundu vyembamba vingi mno, mithili ya sega la nyuki. Kila kijitundu kimezibwa mwisho mmoja, na cha jirani yake kimezibwa mwisho wa pili. Moshi ukishaingia hauna pa kutokea ila kupenya ukutani. Gesi inapita, masizi yanabaki. Injini ya dizeli haikosi kutoa masizi, kwa hiyo ukuta huo usiposafishwa huziba baada ya kilomita mia kadhaa tu.

Fikiria sigiri. Mkaa ukijaa unauwasha, unaungua, unakwisha. Majivu yakijaa chini, hata upepee mpaka mkono uchoke hayaungui. Ni mpaka uyamwage. Ndani ya DPF mambo ni hayo hayo. Masizi ni kaboni: yakipata joto la kutosha yanageuka gesi na kutoka. Majivu yanatokana na oili ya injini, yaani kalsiamu, zinki na magnesiamu zilizomo kwenye viambato vyake, na hakuna joto la ekzosi litakaloyaondoa. Kuchoma kwa namna yoyote huondoa masizi peke yake. Majivu hutolewa kwa kufungua na kuosha.

Ndiyo maana aina ya oili ina uzito mkubwa kuliko madereva wengi wanavyodhani. Chukua injini inayokula lita moja ya oili kila kilomita 5,000. Katika kilomita 100,000 itakuwa imekula lita 20, ambazo ni kama kilo 17. Oili ya kawaida ya malori, ile 15W-40 inayojaa madukani, inaweza kuwa na majivu asilimia 1.4: hapo ni hadi gramu 240. Oili yenye alama JASO DL-1, iliyotengenezwa kwa dizeli ndogo za Japani zenye kichujio, haizidi asilimia 0.6: ni kama gramu 102. ACEA C3, inayofaa vani nyingi za Ulaya, haizidi asilimia 0.8. Si kila gramu itanasa kwenye kichujio, lakini uwiano ndio huo: oili isiyofaa hujaza majivu zaidi ya mara mbili. Soma mgongo wa dumu kabla ya kulipa. Kama haujaandikwa DL-1, C2 au C3, kulingana na kitabu cha gari lako, liache dukani.

Gari likijichoma lenyewe barabarani

Kujichoma huku kuna namna mbili, na madereva huzichanganya.

Ya kwanza haihitaji amri ya mtu wala ya kompyuta. Mbele ya kichujio kuna kichocheo kinachogeuza gesi ya NO iliyomo kwenye moshi kuwa NO2, na NO2 huanza kula masizi kwenye nyuzi 250 hivi hadi 400. Joto hilo hupatikana injini ikibeba mzigo mfululizo: vani iliyojaa ikipanda kutoka Mbarara kwenda Kabale, au ikishika kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Masaka. Ni kazi ya polepole, lakini haiongezi mafuta wala haiumizi oili. Kwenye jamu ya Jinja Road ekzosi haifiki huko. Mara nyingi haipiti hata nyuzi 200.

Salfa huchosha kichocheo hicho. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli isiyozidi ppm 50 za salfa (sehemu 50 kwa kila milioni) mwaka 2015, hatua kubwa sana, lakini magari haya yalitengenezewa dizeli ya ppm 10 ya Japani na Ulaya. Kwa hiyo hata ukinunua mafuta safi kabisa, usitegemee njia hii ifanye kazi kama ilivyokuwa ikifanya Osaka. Na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ile ya madumu kando ya barabara, huleta salfa isiyopimwa na hunyima nozeli za kumwagia dizeli ulainisho.

Namna ya pili huamriwa na kompyuta ya injini. Sensa hupima tofauti ya presha kati ya upande wa kuingilia na wa kutokea wa kichujio, na kompyuta huongeza hesabu yake ya umbali na mafuta yaliyochomwa. Ikiona masizi yamefika kiwango, humwaga dizeli ya ziada: ama ndani ya silinda mwako ukishapita, ama kwa nozeli ya pekee iliyofungwa kwenye ekzosi, kama zilivyo baadhi ya Toyota. Dizeli hiyo huungulia kwenye kichocheo na joto la kichujio hupanda hadi nyuzi 550–650. Kazi nzima huchukua dakika 10 hadi 25, na kwa gari zima hurudi kila baada ya kilomita 300–600 hivi. Likijichoma kila kilomita 100, kuna ugonjwa mahali pengine.

Utaitambua hali hiyo bila kifaa. Gari likisimama, mizunguko ya injini inapanda kidogo, tuseme kutoka 750 hadi karibu 1,000. Feni inazunguka kwa nguvu, wakati mwingine hata baada ya kuzima. Kuna harufu ya kitu kinachoungua, na joto linatoka chini ya gari. Ukifika steji na dalili hizo zipo, usizime ufunguo. Zunguka dakika kumi nyingine.

Kompyuta ina masharti yake kabla ya kuanza kazi, na hapa ndipo vani nyingi za Kampala hukwama. Sharti la kwanza ni injini kupata moto, kwa kawaida maji yawe juu ya nyuzi 70 au zaidi. Lakini kuna mazoea mabaya ya kung'oa themostati, valvu inayozuia maji ya injini mpaka yapate moto, kila injini inapochemka. Injini isiyo na themostati inaweza kutembea siku nzima kwenye nyuzi 60, na kompyuta ikasubiri joto ambalo haliji. Kichujio kitaziba, mtu atalaumu DPF, na kosa ni kipande kidogo cha shaba kilichotupwa kwenye ndoo ya gereji. Sharti la pili ni mafuta. Gari nyingi hazianzi kujichoma tangi likiwa chini ya robo. Takisi inayonunua mafuta kidogo kidogo kila safari, taa ya akiba ikiwaka asubuhi hadi jioni, haipati nafasi hata moja. La tatu: kukiwa na hitilafu iliyowasha taa ya injini, kwa mfano valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini), nozeli au sensa ya joto la ekzosi, kompyuta husimamisha kujichoma mpaka hitilafu ipone. Angalia mambo hayo matatu kwanza. Mara nyingi suluhisho ni themostati mpya na tangi nusu, bila kumgusa fundi wa kompyuta.

Kujichoma kukikatizwa mara moja hakuna neno. Kompyuta itajaribu tena. Kukikatizwa kila siku, dizeli iliyomwagwa ndani ya silinda bila kuungua huteremka kwenye oili. Kijiti cha oili kitakuambia: usawa umepita alama ya juu na hakuna aliyeongeza, na ukinusa ni dizeli. Hapo mwaga oili yote, weka mpya na filta mpya siku hiyo hiyo. Oili iliyopungua uzito hula beringi za tabo na za kranki. Ikizidi sana, injini inaweza kuinyonya kupitia bomba la hewa na kuendelea kunguruma kwa kasi hata baada ya kuzima ufunguo.

Taa ya njano ya DPF ikiwa imewaka na gari bado lina nguvu, jibu la kwanza ni barabara. Barabara ya haraka ya Kampala–Entebbe inafaa sana: ina kama kilomita 37, haina matuta wala taa za kusimamisha. Jaza mafuta kupita robo, shika kilomita 70–80 kwa saa, na chagua gia itakayoweka mizunguko kati ya 2,000 na 2,500. Gia ya juu kabisa yenye mizunguko 1,500 haitoshi. Nenda hadi mwisho, rudi. Taa isipozima kwa safari ya kwenda na kurudi, usijaribu safari ya tatu.

Swichi ya kuchoma ukiwa umesimama

Isuzu Elf na baadhi ya vani za Kijapani zina swichi ya kuchoma masizi gari likiwa limeegeshwa. Kwa kuwa maandishi ni ya Kijapani, madereva wengi hukaa nayo miaka bila kuijua. Wengine hubandika utepe juu ya taa yake. Tafuta alama ya kopo lenye vitone na moshi, au mpe mtu anayesoma Kijapani picha ya dashibodi.

Hatua ni chache. Endesha kwanza mpaka injini iwe moto. Egesha pahali tambarare pa saruji au kokoto, gia P au N, breki ya mkono. Zima kiyoyozi na taa kubwa. Bonyeza swichi na usikanyage mafuta. Mizunguko itapanda yenyewe. Subiri dakika 15 hadi 30, mpaka taa izime na mizunguko ishuke. Mtu abaki karibu na gari muda wote.

Kuhusu mahali pa kuegesha sharti tulisisitize, kwa sababu vani nyingi hapa ni za watalii. Wakati wa kiangazi huko Queen Elizabeth au Murchison, nyasi hufika tumboni mwa gari. Ekzosi yenye nyuzi 600 juu ya nyasi kavu ni moto wa mbuga, na gari lako ndilo litakaloungua kwanza. Usibonyeze swichi hiyo mbugani. Na kama gari limeanza kujichoma lenyewe wakati abiria wanapiga picha za simba, sogea kwenye udongo mtupu.

Ukilinganisha na kuendesha, swichi inaokoa muda wa anayekosa barabara nzuri, ila inatumia dizeli bila kwenda popote, na joto lote hubaki chini ya gari. Kwenye injini zinazomwaga dizeli ndani ya silinda, huchafua oili zaidi. Ni njia ya akiba. Vani inayodai swichi kila wiki inahitaji uchunguzi.

Fundi na kompyuta

Taa ikianza kumeta, gari likapoteza nguvu na kugoma kupita mizunguko 3,000 hivi, kompyuta imeshakata tamaa ya kujichoma. Sasa fundi huunganisha mashine na kuiamuru ichome. Ni kazi halali na inafaa, lakini ni ya hatari kuliko zote za kuchoma, na matokeo yanategemea fundi anafanya nini kabla ya kubonyeza.

Mwambie aonyeshe namba. Kwanza, ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, sensa ya presha lazima isome sifuri. Ikisoma kPa 2 (kilopaskali, kipimo cha presha) wakati hakuna hewa inayopita, sensa imekufa. Bomba zake ndogo za mpira nazo zitazamwe: zikipasuka, zikiyeyuka au zikiziba, namba hudanganya, na huenda kichujio chako ni kizima. Hitilafu hii ni rahisi kurekebishwa, na inasikitisha jinsi vichujio vinavyong'olewa kwa sababu ya mpira wa urefu wa shibiri. Kisha injini iwake: kichujio safi husoma chini ya kPa 1 hivi gari likiwa limesimama, na kwenye mizunguko 2,500 kama kPa 3 au pungufu. Namba kamili hutofautiana kwa injini, ila kPa 10 na kuendelea kwenye mizunguko hiyo, bila mzigo, ni kichujio kilichojaa.

Pili, aone kiasi cha masizi kwa gramu na akilinganishe na kikomo cha mtengenezaji wa gari hilo. Kikipita kikomo, asichome. Masizi mengi mno yakishika moto pamoja, hasa mizunguko ikishuka ghafla wakati oksijeni ni nyingi na upepo ni mdogo, joto hupita nyuzi 1,000 na seramiki hupasuka au kuyeyuka. Kichujio cha hivyo hakiponi.

Tatu, atibu chanzo. Nozeli inayovuja, EGR iliyokwama wazi, bomba la hewa ya tabo lililochanika, tabo inayopitisha oili: kila moja hutoa masizi kuliko kichujio kinavyoweza kumudu. Ukichoma bila kugusa hayo, taa itarudi ndani ya wiki chache.

Kazi yenyewe hufanyika nje, juu ya saruji, boneti wazi, mtungi wa kuzimia moto karibu, tangi kupita robo. Mashine hupandisha mizunguko na joto, na huchukua dakika 20 hadi 40. Baada yake badilisha oili na filta. Hili si la hiari.

Na ujihadhari na mkato mmoja. Mashine nyingi zina kitufe cha kuiambia kompyuta kwamba kichujio kipya kimefungwa. Ukikibonyeza, hesabu ya masizi inarudi sifuri na taa inazima kwa sekunde tano, huku masizi yote yakiwa pale pale. Mteja anaondoka amefurahi. Kompyuta sasa inaamini kichujio ni kitupu, itachelewa kuchoma, na itakapochoma masizi yatakuwa mara mbili. Ndivyo vichujio vinavyoyeyuka. Dai kuona kPa kabla na baada, kwenye mizunguko ile ile. Kama namba hazikushuka, hukufanyiwa kitu.

Kufungua na kuosha

Hii ndiyo njia pekee ya kutoa majivu. Wakati wake huja mara nyingi kati ya kilomita 120,000 na 200,000, mapema zaidi kama gari limekuwa likitumia oili ya malori. Vani ya bondi yenye kilomita 150,000 kwenye saa iko hapo hapo. Dalili ya wazi: baada ya kuchoma kikamilifu, gramu za masizi zinasoma karibu sifuri lakini presha bado iko juu. Ni sigiri iliyojaa majivu. Hakuna haja ya kuwasha tena.

Kuna kuosha kwa mashine na kuna kuosha kwa bomba la maji la kuoshea magari, na havifanani. Mashine husukuma maji ya uvuguvugu yenye sabuni maalumu na hewa kwa mapigo, kutoka upande wa kutokea moshi kurudi upande wa kuingilia, kisha hukausha kwa hewa moto. Wengine hukioka kwenye tanuri kwa saa kadhaa hadi nyuzi 600 hivi, halafu hupuliza majivu kwa hewa. Bomba la presha kali, kwa upande wake, hutoboa kuta nyembamba na kusukuma majivu ndani zaidi, na magadi makali hubandua utandu wa madini ya platinamu unaofanya kichocheo kifanye kazi. Kichujio kikirudishwa kikiwa na unyevu, maji yanageuka mvuke ghafla na seramiki hupata nyufa.

Mwombe anayeosha akipime kwa mizani kikiwa kikavu, kabla na baada. Tofauti ya gramu mia moja na zaidi inaonyesha majivu yametoka. Kisha hapo sasa, na hapo tu, hesabu ya majivu kwenye kompyuta irudishwe sifuri. Weka gasketi mpya, na paka vifungo dawa ya kuzuia kung'ang'ania. Boliti za ekzosi zikishika kutu hukatika, na siku inaisha kwa kuchimba boliti moja.

Dawa za kupuliza kupitia tundu la sensa zina nafasi yao ndogo: hulainisha masizi kabla ya kuchoma kwa kompyuta. Hazitoi majivu, hata dumu liseme nini. Na AdBlue, kile kimiminika cha baadhi ya dizeli, haihusiani kabisa na DPF. Hiyo ni ya mfumo mwingine, wa kupunguza gesi za nitrojeni, na ina tangi lake.

| Njia | Inaondoa | Muda | Inafaa lini | Hatari kubwa |
|---|---|---|---|---|
| Kuendesha | Masizi | Dakika 20–30 | Taa ya njano, nguvu ipo | Kukatizwa, dizeli kwenye oili |
| Swichi | Masizi | Dakika 15–30 | Hakuna barabara nzuri | Moto wa nyasi |
| Kompyuta | Masizi | Dakika 20–40, mbali na uchunguzi | Gari limepoteza nguvu | Kuyeyusha kichujio |
| Kuosha | Majivu na masizi | Siku moja hivi | Presha juu baada ya kuchoma | Kuoshwa vibaya |

Kukitoa kabisa

Kuna watakaokushauri ukate kopo, utoe seramiki, ushone tena na kubadilisha programu ya injini. Hatushauri. Kichujio kilichoziba mapema karibu daima kinaonyesha ugonjwa wa nozeli, EGR au tabo, na kukitoa ni kuficha ugonjwa mpaka ufike kwenye injini. Mara nyingi pia programu hubadilishwa nusu nusu: kompyuta inadanganywa sensa tu, inaendelea kumwaga dizeli ya kuchoma kitu kisichokuwepo, na unabaki na moshi mweupe na oili iliyojaa dizeli.

Lakini sababu kubwa ni pumzi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Hewa ya Kampala, kama vipimo vya AirQo, mradi wa hewa wa Chuo Kikuu cha Makerere, vinavyoonyesha, iko juu mara kadhaa ya kiwango cha WHO cha mikrogramu 5 za chembe ndogo kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Anayepumua zaidi ni kondakta anayesimama mlangoni siku nzima, mama anayechoma ndizi za gonja kando ya steji, na mtoto anayevuka kwenda shule, ambaye pua yake iko kimo cha ekzosi.

Sasa uchague nini

Vani ya masafa, Kampala–Mbarara au Kampala–Gulu mara kadhaa kwa wiki, ichukue na DPF bila wasiwasi. Barabara itafanya kazi nyingi yenyewe. Wewe shughulika na oili sahihi na mafuta ya kituo kinachoaminika, na tenga pesa ya kuosha mara moja.

Vani ya watalii iko katikati. Safari ndefu ya kwenda mbugani inaisafisha, kisha siku tatu za kutambaa na kunguruma ikisubiri wanyama zinaijaza. Fuatilia kijiti cha oili kabla ya kila safari, usiache injini inguruma kwa ajili ya kiyoyozi pekee, na hakikisha themostati ipo.

Takisi au gari la kusambaza bidhaa lisilotoka mjini, Ntinda hadi mjini na kurudi, linunue la petroli. HiAce za injini 1TR ya lita 2.0 na 2TR ya lita 2.7 hazina kichujio hiki. Zitakunywa mafuta zaidi ya dizeli, hilo ni kweli, lakini ukijumlisha oili inayomwagwa mapema, siku za gereji na kichujio, dizeli yenye DPF kwenye safari za kilomita nane haina faida. Ambaye tayari anayo ajiwekee ratiba: mara moja kwa wiki, vani ikiwa moto baada ya kazi, dakika 30 za Northern Bypass usiku jamu ikiisha, tangi kupita robo.

Ukiwa bondi, kabla ya kujadili bei, ingiza kidole ndani ya mdomo wa ekzosi injini ikiwa baridi. Kwenye gari lenye DPF nzima kidole hutoka na vumbi la kijivu, au kisafi. Kikitoka cheusi tititi, kichujio kimepasuka au kopo ni tupu. Kisha lala chini na tochi utazame kopo lenyewe: mshono wa kiwandani ni mwembamba na ulionyooka, wa kulehemu kwa mkono una mabonge na rangi tofauti. Waombe pia waunganishe mashine ya kupimia na usome kilomita tangu lilipojichoma mara ya mwisho, na joto la maji baada ya kuendesha robo saa. Maji yakikwama chini ya nyuzi 75, themostati imeng'olewa au imekwama wazi, na bei ishuke kwa gharama hiyo pamoja na ya oili.